Kupanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya Mtanzania, Mkenya, Mganda au jirani yeyote anayetaka kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, na ambaye hajawahi kulala mlimani. Maswali yametoka kwa watu tunaowaandaa: walimu, wahasibu, akina mama wenye watoto, vijana wa chuo. Kama una nafasi ya kusoma jibu moja tu, soma la idadi ya siku.

Mimi si mwanamichezo. Nitaweza kweli?

Utaweza, mradi mwili ni mzima na unaupa muda. Njia za kawaida hazihitaji kamba wala ujuzi wa kukwea miamba. Ni kutembea, tena taratibu, kwa saa nne hadi saba kwa siku, isipokuwa siku ya kileleni ambayo inaweza kufika saa 12 na zaidi. Sehemu ambayo wengi hutumia mikono ni ukuta wa Barranco, kwenye njia za Machame, Lemosho na Umbwe. Hapo unashika jiwe na kujivuta, mwongozaji akiwa pembeni yako. Tumeona vijana wenye vifua vya mazoezi wakirudishwa kutoka Kibo, kituo cha mwisho cha njia ya Marangu, na mama wa makamo akifika Uhuru kwa sababu alitembea polepole tangu getini. Misuli inasaidia, lakini hewa ndiyo inayoamua.

Nichukue siku ngapi?

Hapa ndipo safari nyingi huharibika kabla hazijaanza, kwa sababu kila siku mlimani ni pesa na mtu anatafuta pa kupunguza.

Chukua njia ya Marangu kama mfano. Inauzwa kwa siku tano au sita. Tazama vituo vyake: Mandara iko mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila kituo kipo mita 1,000 juu ya kilichotangulia. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upate siku ya kupumzika. Ratiba ya siku tano, basi, inakupandisha kwa kasi maradufu ya ile ambayo mwili unaimudu. Siku ya sita ndiyo inayookoa: unalala Horombo usiku wa pili, na mchana unatembea hadi kwenye miamba yenye mistari kama pundamilia, halafu unashuka kulala palepale ulipoamkia. Wakati huo mwili unafanya kazi usiyoiona. Unazoea kupumua kwa kasi na kwa kina, na figo zinarekebisha damu ili upumuaji huo uendelee hata ukiwa usingizini. Kazi hiyo haiharakishwi kwa mazoezi wala kwa maombi.

Kwa Machame, chukua siku saba badala ya sita. Kwa Lemosho, nane ni bora kuliko saba. Bajeti ikikubana, azima jaketi, panda basi badala ya ndege, au subiri mwaka mmoja uongeze akiba. Siku usizikate.

Njia ipi inamfaa anayeanza?

Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda: unalala kitandani chini ya paa, jambo kubwa mvua ikinyesha. Watanzania wengi huianza hiyo, na gharama yake mara nyingi iko chini kwa sababu hakuna mahema ya kubeba. Machame ni ya mahema na ina mabonde mengi ya kupanda na kushuka, lakini hayo mabonde ni faida: mchana unafika Lava Tower, takriban mita 4,600, kisha unashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Mwili unaonjeshwa juu, unapumzishwa chini. Lemosho inaanzia magharibi na kupitia uwanda wa Shira, na kwa mwenye uwezo ndiyo tunayoipendekeza. Rongai inaanzia kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, upande wenye mvua chache. Umbwe ni fupi na kali, anayeanza aiache.

Niende mwezi gani?

Januari hadi mwanzoni mwa Machi, au Juni hadi Oktoba. Epuka masika, Machi mwishoni hadi Mei. Njia ya msituni inakuwa tope na nguo hazikauki. Kila mwaka kuelekea tarehe 9 Desemba makundi ya Watanzania hupanda kuadhimisha Uhuru, kwa kumbukumbu ya Luteni Alexander Nyirenda aliyepandisha bendera na Mwenge kileleni mwaka 1961. Ni safari yenye raha ya wenzako, nyimbo na bendera, lakini jua kwamba ni msimu wa vuli, hivyo koti la mvua liwe la kweli.

Naweza kwenda peke yangu, bila kampuni?

Hapana. Kanuni za hifadhi zinataka kila anayepanda awe na mwongozaji mwenye leseni na aandikishwe getini. Raia wa Afrika Mashariki wanalipa viingilio kwa shilingi, na ni nafuu sana ukilinganisha na mgeni kutoka nje, lakini lazima uwe na kitambulisho halisi cha taifa au pasipoti. Picha ya kitambulisho kwenye simu isikutie moyo.

Kabla ya kulipa kampuni, uliza: mwongozaji msaidizi yuko mmoja kwa wapandaji wangapi? Mnabeba oksijeni na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni? Mnawalipa wapagazi kiasi gani? Anayejibu hilo la mwisho kwa kusitasita, tafuta mwingine.

Naishi Dar, hakuna mlima. Nafanyaje mazoezi?

Anza miezi mitatu kabla. Siku mbili au tatu za katikati ya wiki, tembea haraka saa nzima, au panda na kushuka ngazi za jengo refu ukiwa na begi mgongoni. Anza na kilo tano, fika kilo nane. Mazoezi ya kushuka usiyaache, maana magoti na mapaja huumia zaidi kwenye kushuka: siku ya kileleni kwa njia ya Marangu unapanda karibu mita 1,200, halafu unashuka zaidi ya mita 2,100 hadi Horombo, siku ileile.

Jumamosi nenda vilima vya Pugu na Kisarawe, utembee saa nne au tano, na Jumapili urudie hata kama miguu inalalamika. Ni siku ya pili ndiyo inayofundisha, kwa sababu mlimani hakuna siku utakayoamka bila uchovu wa jana. Angalau mara moja fika Morogoro upande Uluguru hadi Morningside, au Lushoto utembee Usambara. Nairobi wana Ngong na Longonot. Mwenye nafasi na fedha apande Meru, mita 4,566, ndani ya Hifadhi ya Arusha, ambako unasindikizwa na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati na tembo. Ukifanya hivyo siku chache kabla ya Kilimanjaro, mwili unaingia ukiwa umeshazoea hewa.

Ugonjwa wa mwinuko ni kitu gani, na nitaujuaje?

Kileleni Uhuru kila pumzi inakupa takriban nusu ya oksijeni unayoipata ufukweni, kwa sababu mgandamizo wa hewa umepungua. Kichwa kinauma, hamu ya kula inapotea, kichefuchefu, usingizi wa kukatikakatika, uchovu usioelezeka. Dalili hizi zikiwa ndogo ni za kawaida. Unapumzika, unakunywa maji, unameza dawa ya maumivu, na huongezi mwinuko mpaka zipungue.

Kuna hatari mbili ambazo hazisubiri asubuhi. Ya kwanza ni maji kujaa mapafuni: mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, pengine makohozi yenye povu au rangi ya damu, midomo inageuka buluu au kijivu. Ya pili ni ubongo kuvimba: anaongea yasiyoeleweka, anagombana bila sababu, anayumba. Ukimtilia shaka mwenzako, mwambie atembee mstari ulionyooka akiunganisha kisigino na vidole kama hatua kumi. Akishindwa, anashushwa hapohapo, iwe saa nane usiku, iwe mvua. Oksijeni na dawa zinasaidia njiani, ila kushuka ndiyo tiba.

Jambo linaloumiza moyo ni watu kuficha. Mtu ameshaaga kanisani, ameshachangiwa na ofisi, anaona aibu kusema kichwa kinapasuka. Mwongozaji akikuuliza umelalaje, umekula nini, umetapika mara ngapi, mwambie ukweli wote. Anakuuliza ili akufikishe.

Na ukitoka Pwani, Kanda ya Ziwa au kokote kwenye mbu, pima malaria siku moja au mbili kabla ya kupanda. Kichwa, kutapika na uchovu wa malaria vinafanana mno na vya mwinuko, na kule juu hakuna maabara.

Nimeze dawa ya kuzuia?

Asetazolamaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox, inausaidia mwili kuzoea haraka zaidi. Haifichi dalili, na haikuruhusu kukata siku. Itakufanya ukojoe mara nyingi na uhisi vidole vinatekenya. Daktari ndiye akuandikie, na mwambie kama uliwahi kudhurika na dawa za salfa kama Septrin. Dawa za usingizi na pombe ziache chini. Zote zinapunguza kasi ya kupumua usiku, wakati ambao mwili unahitaji pumzi zaidi.

Nina sikoseli, presha, kisukari au mimba. Je?

Mwenye ugonjwa wa sikoseli asipande. Hewa pungufu, baridi na upungufu wa maji ndivyo vinavyoamsha maumivu yake. Lakini nataka hapa nisisitize jambo ambalo watu wa kwetu hawaambiwi: hata aliyebeba kinasaba kimoja tu, yule anayeitwa AS na ambaye maisha yake yote ni mzima, anaweza kupata tatizo la bandama kwenye mwinuko mkubwa. Maumivu huja ghafla chini ya mbavu za kushoto. Kinasaba hiki kiko kwa watu wengi Afrika Mashariki, na wengi hawajui kama wanacho. Kipimo kinapatikana hospitali. Kipime, na majibu yake umwambie daktari na mwongozaji wako.

Presha iliyodhibitiwa na kisukari kinachosimamiwa vizuri havikufungii mlango, ila daktari wako aseme kwanza. Mjamzito asubiri. Mtoto wa chini ya miaka 10 haruhusiwi kwenda kileleni.

Nguo za baridi nitazipata wapi bila kufilisika?

Mitumba. Jaketi zito la baridi lililovaliwa Ulaya majira mawili ni zima kabisa. Nenda Karume ukiwa Dar, Memorial ukiwa Moshi, Gikomba ukiwa Nairobi, na nenda asubuhi mabelo yanapofunguliwa. Shika jaketi, libonyeze: likirudi kujaa haraka, hewa ya joto bado inakaa ndani. Chungulia zipu hadi mwisho, kwa sababu zipu ikikwama mita 5,000 vidole havitakuwa na nguvu ya kuitengeneza. Koti la mvua limwagie maji kidogo uone kama linanyonya.

Mpango wa nguo ni tabaka. Ndani kabisa fulana na suruali zinazobana, za kitambaa kinachokauka haraka. Katikati sweta la flisi. Juu yake jaketi zito, na nje kabisa koti na suruali ya kuzuia mvua na upepo. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani. Zikilowa jasho hazikauki, na jasho likipoa ndipo baridi inapokuingia. Usiku wa kileleni nyuzi joto zinaweza kushuka hadi 15 au 20 chini ya sifuri. Mzula wa kufunika masikio, skafu, glovu nyembamba ndani ya glovu nene, soksi nene za sufu jozi moja iliyohifadhiwa kwa usiku huo tu. Begi la kulalia zito na fimbo mbili unaweza kukodi Moshi. Kagua kabla ya kulipa, begi lisiwe na tundu.

Na viatu?

Kiatu ndicho kitu pekee ambacho ningekuomba usikodi na usinunue wiki ya safari. Buti lifunike kifundo, liwe kubwa kwa nusu namba, na ulivae kwenye mazoezi yako yote mpaka likujue. Siku moja kabla ya kupanda kata kucha za miguu ziwe fupi kabisa. Kwenye kushuka vidole vinagonga mbele ya kiatu kwa maelfu ya hatua, na kucha ndefu zinageuka nyeusi na kung'oka.

Nabeba nini mgongoni?

Maji lita tatu, koti la mvua, sweta, kitafunwa, dawa zako, mafuta ya jua, karatasi ya chooni. Basi. Begi kubwa linabebwa na mpagazi, na mizigo inapimwa getini: mpagazi mmoja asizidishiwe kilo 20. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini, kwa hiyo nunua chupa ngumu.

Chakula kikoje?

Kizuri, na cha moto. Uji asubuhi, supu jioni, wali, tambi, kuku, na mpishi wa Kichagga ukimwomba mtori hatakunyima. Tatizo ni kwamba juu ya mita 4,000 utachukia chakula. Kula hivyohivyo, kidogo kidogo. Beba vitu ambavyo unavipenda hata ukiumwa: kashata, karanga, tende, ubuyu. Maji kunywa lita tatu hadi nne kwa siku; mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, hujanywa. Njia ya Machame, maji ya mwisho ni mto Karanga. Njia ya Marangu, Kibo hakuna chemchemi. Kila kikombe utakachokunywa huko kilipanda kichwani kwa mtu.

Hedhi inaweza kunikuta mlimani?

Inaweza, na mwinuko au uchovu huweza kuivuruga tarehe. Beba pedi hata kama si wakati wake, na mfuko wa kurudishia takataka chini. Anayevaa hijabu atafute nyembamba inayobana, mzula unakaa juu yake bila shida.

Naweza kupanda nikiwa nimefunga Ramadhani?

Hatushauri. Mwili uliokosa maji mchana kutwa kwenye mwinuko huo uko hatarini, na safari yenyewe inaweza kusubiri Shawwal, mwezi unaofuata. Kwa sala hakuna tatizo. Mwambie mwongozaji mapema, atapanga mapumziko. Kwa wudhuu asubuhi, mwombe mpishi maji ya vuguvugu.

Usiku wa kileleni ukoje?

Unaamshwa kama saa tano usiku. Chai ya tangawizi na biskuti, na tumbo halitaki. Saa sita mnaondoka, mstari mmoja, tochi vichwani, kila mtu akitazama visigino vya aliye mbele. Mguu mmoja unatangulia, unapumua, mwingine unafuata. Changarawe inateleza, unapanda hatua mbili na kurudi nusu. Chupa ya maji iweke kichwa chini miguu juu, kwa sababu barafu huanza kuganda juu ya maji. Ukiigeuza, mdomo wake hauzibi. Betri za tochi na simu zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja ndipo watu wengi hukata tamaa, na wengi wao hawaumwi. Ni baridi, giza na usingizi tu. Lijue hilo mapema, ili uweze kutofautisha kuchoka na kuumwa. Jua linachomoza nyuma ya Mawenzi, kilele kingine cha Kilimanjaro, kama saa kumi na mbili na nusu. Kwa Marangu utakuwa karibu na Gilman's Point, mita 5,685. Kwa Machame, Stella Point, mita 5,756. Kutoka hapo ukingo wa kreta unakupeleka Uhuru, na dakika kumi au kumi na tano juu zinatosha. Piga picha, shuka.

Ngozi nyeusi inaungua?

Inaungua. Paka mafuta ya jua usoni, masikioni na shingoni, na ya midomo. Miwani ya jua ni lazima penye theluji.

Simu inashika?

Sehemu nyingi ndiyo, nyingine hapana. Intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo Agosti 2022. Waambie wa nyumbani wasihangaike ukiwa kimya siku mbili.

Tipu ni lazima?

Kisheria hapana, lakini iweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza ya kuweka akiba. Mpagazi anabomoa hema lako, anakupita njiani na kilo 20 kichwani, unapofika amekwisha kulisimamisha. Wengine wanavaa raba zilizotoboka. Toa tipu kwa uwazi, kikundi chote kikiwepo, kiasi cha kila mmoja kikitajwa. Na kama una jaketi au buti hutalitumia tena, mwachie.

Nisipofika Uhuru, napata cheti?

Ukifika Gilman's au Stella kuna cheti chake. Ukiishia chini ya hapo hakuna, na mlima bado upo mwakani.

Nikishuka, kesho yake nirudi kazini?

Omba siku mbili zaidi. Mapaja yatagoma kwenye ngazi, na basi la Moshi hadi Dar ni safari ndefu kwa magoti hayo. Shuka unyooshe miguu kila linaposimama. Kichwa na kichefuchefu vya mlimani kwa kawaida huisha haraka ukiwa chini. Kikohozi au pumzi fupi vikiendelea baada ya siku mbili, au ukipata homa, nenda hospitali, na jambo la kwanza kumwambia daktari ni kwamba umetoka Kilimanjaro, siku gani ulishuka, na ulifika mita ngapi.